Maisha Yasiyokuwa Yake: Mircea Cărtărescu na Mfalme Theodoros

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jioni hii nina mwandishi mmoja na riwaya zake mbili. Mircea Cărtărescu alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1956. Alianza na mashairi, akaja kuandika riwaya ya juzuu tatu kuhusu utoto wake na jiji lake, na mwaka 2024 riwaya yake Solenoid ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Dublin: euro 100,000, robo ikienda kwa mfasiri, Sean Cotter. Wasifu utoshe hapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kijana huyu alisoma shairi lake refu liitwalo Căderea, yaani Anguko, mbele ya kikundi cha waandishi chipukizi kilichokuwa kikikutana siku za Jumatatu chini ya mhakiki Nicolae Manolescu. Lilipokewa vizuri, njia ikafunguka. Alipomaliza chuo alifundisha Kiromania katika shule moja ya Colentina, pembezoni mwa Bucharest, huku akiandika.

Sasa fungueni Solenoid, iliyotoka mwaka 2015, kurasa zaidi ya 800. Msimulizi ni mwalimu wa Kiromania Colentina, kichwa kimejaa chawa alioambukizwa na wanafunzi. Naye aliwahi kusoma shairi liitwalo Anguko mbele ya wenzake. Ila huyu walimponda, akarudi nyumbani hana kitu, na hakuwa mwandishi kamwe. Yaani Cărtărescu amemkalisha kwenye meza yake mtu ambaye angekuwa yeye, laiti usiku ule ungeenda vingine.

Na mtu huyo ana mambo! Anahifadhi meno yake ya utotoni. Anaishi katika nyumba yenye umbo la meli, chini yake imefukiwa koili kubwa ya sumaku-umeme. Akibonyeza swichi, anaelea juu ya kitanda. Msidhani ni vioja vya bure. Huu ni wakati wa Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti wa Romania, nchi ambamo serikali ilitaka kumwambia kila mtu yeye ni nani, alitoka wapi na akumbuke nini. Mwalimu asiye na jina anayeandika daftari ambalo hakuna atakayelisoma ana kitu kimoja ambacho chama tawala hakikuweza kumpangia: kumbukumbu zake, hata zile za ajabu kabisa.

Mwaka 2022 akatoa Theodoros, na hapa jambo linatufikia jirani. Katika barua zake kwa mshairi Vasile Alecsandri, Ion Ghica, mwanasiasa na mwandishi wa karne ya 19, aligusia dhana kwamba Mfalme Tewodros II wa Ethiopia huenda alikuwa kijana wa Wallachia, eneo la kusini mwa Romania ya leo. Cărtărescu akaishika dhana hiyo na kuijenga: Tudor, mtoto wa watumishi katika nyumba ya bwana mkubwa, anakuwa haramia katika visiwa vya Ugiriki, kisha mfalme wa Ethiopia.

Tewodros wa historia hakuhitaji msaada huo. Alizaliwa akiitwa Kassa, huko Qwara, kaskazini-magharibi mwa Ethiopia. Alipotawazwa mwaka 1855 alichukua jina la Tewodros, yaani Theodoros, mfalme ambaye unabii wa kale ulisema atakuja kutawala kwa haki. Mahasimu walimdhihaki kuwa mama yake alikuwa akiuza kosso, dawa ya minyoo. Yeye akajinadi kuwa mzawa wa Suleimani. Aprili 1868, jeshi la Uingereza lilipoingia Magdala, ngome yake ya mlimani, alijiua kwa bastola aliyokuwa amezawadiwa na Malkia Victoria. Mtu aliyejitungia asili yake mwenyewe: ni mhusika gani angemfaa zaidi mwandishi huyu?

Lakini ndipo ninapokwama. Tudor wa riwaya anamwandikia barua mama yake Mgiriki, Sofiana, kutoka kila bandari. Kurasa hizo ni tamu mno, sifichi. Ila kila barua inayokwenda kwa Sofiana inazidi kumsogeza nje yule mama wa Qwara aliyesemwa kuwa muuza kosso. Katika Solenoid mwandishi alichezea maisha yake, na aliyepoteza sifa zake ni yeye mwenyewe. Hapa amechezea ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ana nchi inayomkumbuka hadi leo kwa jina na kwa ukoo.

Mimi sisemi hakupaswa kuiandika. Nasema mtakaoisoma, wekeni na kitabu cha historia ya Ethiopia pembeni. Haya, nani ana swali?