Mcheza kwao hutunzwa, ila kwenye hoki ya vyuo

Asante, Mwenyekiti. Na asanteni nyote mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kunisikiliza. Nawaona vijana wawili pale nyuma, simu zimo mapajani. Goli likiingia msipige kelele, nionyesheni kwa vidole.

Wanaonijua wanajua nitasema nini. Nimeshayasema kwenye harusi, kwenye mahafali ya watoto, na mara moja msibani, na kwa ile ya msibani niliomba radhi. Leo nayarudia. Kwenye hoki ya barafu ya vyuo, timu iliyohangaika tangu Oktoba mpaka Machi ikapata nafasi ya juu, ipewe kucheza kwake. Wazee wetu walishaufunga mjadala huu zamani: mcheza kwao hutunzwa. Lakini NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani, kinamwambia mcheza kwao apande gari aende Fargo, jimbo jingine kabisa.

Kwanza tuelewane neno moja, hasa wenzangu wa Tanzania. Nikisema gongo, nasema ile fimbo ya kuchezea. Ile inayochemshwa kwenye pipa haihusiki na mhadhara huu. (Kicheko.) Na paki ni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, gramu 170 hivi. Kanuni nyingine waulizeni watoto wenu njiani mkirudi nyumbani, wanazijua kuliko mimi.

Mashindano yenyewe mnayafahamu. Wanaume, daraja la kwanza, timu 16, mtoano, ukifungwa mara moja umekwisha. Mabingwa wa ligi sita wanaingia moja kwa moja, waliobaki wanapimwa kwa matokeo ya msimu mzima. Wanagawanywa kanda nne za timu nne nne, wanachezeana wikiendi moja mwishoni mwa Machi, na washindi wanne wanakutana Aprili. Hao wanne ndio Frozen Four mnaowasikia kwenye televisheni. Yalianza 1948 kule Colorado Springs kwa timu nne tu. Michigan wakawafunga Dartmouth 8-4, na miaka kumi ya kwanza yote ikachezwa palepale. Sina ugomvi na Colorado Springs. Sina ugomvi hata na Frozen Four kuchezwa mji wowote wanaoutaka, fainali ni sherehe, ipelekwe hata jangwani. Ugomvi wangu ni ile wikiendi ya kanda.

Sasa niwape kisa changu cha Fargo. Mwenyekiti, usitazame saa, hata sijaanza.

Machi 2023. Minnesota, chuo kikuu chetu cha hapa Minneapolis, wamepangwa namba moja nchi nzima. Wanawafunga Canisius 9-2, na mchezo unaofuata, wa kuingia Frozen Four, wanakutana na St. Cloud State. Mnajua St. Cloud ilipo. Wengine mnafanya kazi kule. Kutoka hapa Minneapolis ni kilomita mia moja na kidogo, barabara moja, I-94, hukati kona. Majirani kabisa. Sasa mechi ya majirani hawa imewekwa wapi? Fargo, North Dakota. Na Fargo unaifikaje? Kwa I-94 hiyohiyo. Unatoka Minneapolis, unaipita St. Cloud, unaendelea kilomita nyingine mia mbili na sabini na ushee.

Mtu wa Dar nimweleze kwa kwao: timu ya Dar inacheza na timu ya Chalinze, mechi inapelekwa Dodoma. Mkenya: Nairobi na Naivasha, mechi Eldoret. Mnacheka. Sisi tuliendesha!

Nilikuwa na jirani yangu mmoja, Mzanzibari, mtu ambaye mpaka leo anavaa glovu mwezi wa Mei. Tulisimama St. Cloud kujaza mafuta. Pampu ya pili kuna mzee Mzungu, kofia ya St. Cloud State, skafu ya St. Cloud State, hata mbwa wake kavishwa nguo ya St. Cloud State. Tukasalimiana. Akauliza, mnaelekea wapi? Fargo. Akacheka, na mimi Fargo. Tukabaki tunatazamana kama watu waliofumaniwa. Jirani yangu, kwa Kiingereza chake cha Unguja, akamuuliza yule mzee: kwani hapa kwenu hakuna barafu? Mzee akanyoosha mkono. Chuo chao kina uwanja tena wenye jina la Herb Brooks. Herb Brooks! Kocha aliyeipa Minnesota ubingwa 1974, 1976 na 1979, halafu mwaka 1980 akachukua vijana wa vyuo akawafunga Wasovieti 4-3 kwenye Olimpiki ya Lake Placid. Uwanja wenye jina la mtu kama huyo ulikuwa kimya usiku ule, sisi tumesimama kando yake tunajaza mafuta ya kuendea Fargo.

Tukaenda. Minnesota wakashinda 4-1. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nalia kwa sababu nilifungwa. Nilishinda, na bado nalia.

Kufungwa kulikuja baadaye, Aprili, fainali ya Tampa, Florida, barafu na nje minazi. Tunaongoza 2-0, Quinnipiac wanarudisha, la pili wanalifunga dakika tatu hivi kabla ya mwisho, kipa wao wameshamtoa ili waongeze mshambuliaji. Muda wa nyongeza, goli la kwanza linamaliza kazi. Sekunde kumi. Jacob Quillan. Sekunde kumi, ndugu zangu! Kuna watu walikuwa bado wako kwenye foleni ya choo. Na Minnesota ubingwa wake wa mwisho ni wa 2003. Lakini hiyo ilikuwa fainali, uwanja huru, halali yao. Tuendelee.

Wapo wanaoniambia, uwanja wa nyumbani una nini? Barafu ni barafu. Hawa ndio wananipandisha presha zaidi, maana mimi kazi yangu ni barafu. Nakaa nyuma ya usukani wa ile mashine, Zamboni, jina utadhani la mtu wa Songea kumbe la Frank Zamboni wa California, aliyeitengeneza 1949. Mashine inakwangua juu, inaosha, halafu inamwaga utando mwembamba wa maji ya moto. Naam, ya moto, yanatambaa vizuri na kushikana na barafu ya chini. Ukimwaga mengi, barafu inachelewa kukaza, paki inarukaruka. Ukumbi ukijaa watu, joto lao nalo linalegeza barafu. Kila uwanja una ugumu wake, na mbao za ukutani kila mahali zinarudisha paki kivyake. Hapa Mariucci, uwanja wa Minnesota, barafu ilikuwa pana kwa kipimo cha Olimpiki miaka na miaka, ndiyo juzi 2022 wakaipunguza. Kijana aliyezoea pale anajua pembe zake kama mnavyojua ngazi za nyumba zenu usiku taa zikikatika.

Halafu kuna hili. Hoki wachezaji wanabadilishwa kila baada ya sekunde arobaini, hamsini. Kanuni inampa timu ya nyumbani haki ya kubadilisha wa mwisho: mgeni anatoa watano wake, mwenyeji anawatazama, ndipo anachagua wa kwake. Sasa kwenye kanda, timu ya juu inapewa haki hiyo, inaandikwa "wenyeji" kwenye karatasi. Mwenyeji wa karatasi! Umemnyang'anya mtu nyumba ukamwachia ufunguo.

Utaniambia, angalau uwanja huru ni haki kwa wote. Huru kwa nani? Chuo kinachoandaa kanda kikifuzu, kinapangwa palepale kwenye kanda yake, hata kama yuko anayemzidi. Ndivyo tulivyofika 2006, na hii lazima mnivumilie.

Mimi nilikuwa mgeni nchini, nafagia chini ya viti vya ukumbi mmoja wa barafu usiku, redio iko kwenye ndoo. Minnesota wamewekwa wa kwanza kwenye kanda yao. Kanda inachezwa Grand Forks, kwenye Ralph Engelstad Arena, jumba alilolijenga tajiri wa kasino wa Las Vegas kwa zaidi ya dola milioni mia, viti vya ngozi mpaka juu. Na Grand Forks ni kwa nani? Ni kwa North Dakota, mahasimu wa Minnesota. Simba na Yanga, maliza. North Dakota nao wamo kwenye kanda hiyohiyo. Kwa hiyo aliyepangwa juu anakwenda kucheza sebuleni kwa mtani wake, na mtani amekaa jukwaani anasubiri kuona.

Mpinzani ni Holy Cross kutoka Worcester, Massachusetts. Chuo kidogo, ligi ndogo. Ligi yao ilikuwa haijawahi kushinda mechi hata moja kwenye mashindano haya. Sasa piga picha: maelfu ya watu wa North Dakota, ambao asubuhi yake pengine hawajui Worcester iko upande gani wa dunia, wamegeuka wote Holy Cross. Kila kipa wa Holy Cross akizuia, jumba linatikisika. Redio yangu kwenye ndoo inakoroma kwa kelele. 3-3, muda wa nyongeza. Dakika haijatimia, Tyler McGregor anafunga. 4-3. Nilizima redio nikaendelea kufagia. Mwamerika niliyekuwa nafanya naye kazi alikaa chini kwenye ngazi, hakunyanyuka mpaka taa zilipozimwa. Ndipo nikajua kwamba huku nako kuna watu kama sisi. Kesho yake North Dakota wakawafunga haohao Holy Cross 5-2, kelele zilezile zimegeuka upande.

Mzee mmoja aliwahi kunijibu, huo si ndio utamu, mdogo kumwangusha mkubwa? Ni utamu, mzee wangu, nami sisemi Holy Cross hawakustahili. Walistahili. Nasema wangefanya hivyo Mariucci, utamu ungekuwa mara mbili. Mdogo haogopi kusafiri. Union College ya Schenectady, New York, wanafunzi elfu mbili na kidogo, chuo ambacho wakati ule hakikutoa hata ufadhili wa michezo, mwaka 2014 kilimfunga Minnesota 7-4 kwenye fainali ya Philadelphia. Minnesota hii yenye wanafunzi makumi elfu! Hawakuhitaji kuhurumiwa na ramani.

Tena 2021. Minnesota wanacheza na Minnesota State ya Mankato, hapo chini tu, saa moja na nusu kwa gari. Mechi iko wapi? Loveland, Colorado. Mkoa wote umehamia milimani kutatua ugomvi wa nyumbani. Minnesota wakafungwa 4-0. Na mwaka 2025 tukarudi Fargo, UMass, yaani Chuo Kikuu cha Massachusetts, wakatutoa 5-4 muda wa nyongeza. Mimi sikwenda. Jirani yangu alinipigia simu, nikamwambia nimefunga mkataba na mgongo wangu, I-94 nimeiacha.

Wananiuliza, na televisheni je? ESPN wana kamera, kamera zina magurudumu. Viwanja vya vyuo vingine ni vidogo? Vidogo vikajaa ni bora kuliko vikubwa ambavyo unaweza kuwahesabu watu mstari kwa mstari. Nimeviona. Unasikia kocha akikohoa. Wengine wanasema haijawahi kufanyika: miaka ya 1980 robo fainali zilichezwa vyuoni, mechi mbili, magoli yanajumlishwa. Kwa hiyo imewahi.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nilikuwa na sehemu nzima juu ya kanuni mpya, kwamba tangu Agosti 2025 vijana waliocheza ligi kubwa za vijana za Kanada wanaruhusiwa vyuoni, na inavyowabana watoto wetu wanaojifunza hapa. Naiacha. Nilikuwa pia na Wakenya, Ice Lions, walioanzia kwenye barafu ya hoteli pale Mombasa Road, Nairobi, na mwaka 2024 nchi yao ikaingia kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Hiyo ni kwa wale wanaoniambia huu ni mchezo wa Wazungu. Tutaizungumza kwenye chai.

Moja tu nimalizie, na hili ndilo nilipaswa kuanza nalo, mke wangu aliniambia asubuhi. Wanawake. Mashindano yao ya daraja la kwanza, tangu 2001, na sasa yana timu 11. Robo fainali zao zinachezwa wapi? Kwenye uwanja wa aliyepangwa juu. Hapohapo chuoni, wanafunzi wanatoka bwenini na slipa. Chama kilekile, mchezo uleule. Kwa dada zetu wanaweza, kwa kaka zao inakuwa mlima. Na ubora haukupungua: fainali ya 2025 ilikuwa hapa kwetu, Ridder Arena, Wisconsin na Ohio State. Wisconsin wako nyuma, zimebaki sekunde kumi na tisa hivi, wanapewa penalti. Kirsten Simms anaweka wavuni. Muda wa nyongeza, Simms tena, 4-3, ubingwa wa nane wa Wisconsin. Wisconsin ni majirani tusiopendana nao, na bado nilisimama nikapiga makofi. Nilikwenda kwa basi la mjini. Dakika ishirini na tano.

Haya, maswali. Wewe kijana mwenye simu, mbona unanionyesha vidole vitatu?