Ditekta, Jangwa na Ardhi Yetu ya Kusini: Mhadhara kwa Wachimbaji Wadogo wa Ruangwa

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi vya wachimbaji, akina mama na akina baba mliotoka Namungo na vijiji vya jirani: wazee wangu shikamooni, na vijana habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie mashine hii iliyo mezani mbele yenu, ambayo wengi tunaiita ditekta, na hasa namna watu wa nchi za jangwa wanavyoitumia kutafutia mabonge ya dhahabu. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu nawaona vijana wa huku kwetu wakichangishana fedha za msimu mzima wa korosho ili wanunue mashine ya aina hii, na wengi wanainunua kabla ya kujiuliza itakwenda kusikiliza ardhi ya namna gani. Neno langu kuu ni moja. Ditekta husikia metali, basi. Anayepaswa kujua dhahabu hukaa wapi ni yule aliyeishika.

Tuanze na jangwa. Dhahabu hutengenezwa chini sana ardhini, mara nyingi ndani ya mikanda ya mawe meupe ya kwatzi. Mwamba ule ukishainuliwa juu, jua la mchana, baridi ya usiku na upepo huumega kwa muda mrefu mno, kwatzi ikavunjikavunjika na dhahabu iliyomo ikaachwa huru. Sentimita moja ya mchemraba ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, ilhali ya kwatzi haifiki hata gramu 3, kwa hiyo upepo unaopeperusha vumbi na mchanga hauwezi kulibeba bonge. Nalo hubaki karibu na pale lilipozaliwa, au huteremka polepole kwenye mteremko na kwenye makorongo makavu, huku udongo mwepesi uliolifunika ukiendelea kupungua. Mvua zikiwa haba, hakuna mto wa kulipeleka mbali, wala hakuna majani mazito ya kulificha. Ndiyo sababu mtafutaji wa jangwani akiona vipande vya kwatzi vilivyotapakaa mteremkoni pamoja na mawe yenye kutu ya chuma, hapandi gari kutafuta mahali pengine; hushuka na kuanza kutembea hapo hapo.

Watu wamelijua jambo hili tangu kale. Kuna ramani ya Misri iliyochorwa kwenye mafunjo yapata mwaka 1150 kabla ya Kristo, ambayo leo imehifadhiwa mjini Turin, Italia, nayo inaonyesha milima ya dhahabu na njia za kuifikia katika jangwa la mashariki ya mto Naili. Karibu zaidi na zama zetu, wachimbaji waliofurika Coolgardie, Australia Magharibi, baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1892, hawakuwa na maji ya kuoshea udongo. Walichukua karai mbili, wakaiinua moja juu na kuumimina udongo mkavu ndani ya ile ya chini upepo ukivuma, vumbi likaenda zake na dhahabu ikabaki, kama mama zetu wanavyopepeta mtama uwanjani. Kazi hiyo ilikuwa na upungufu wake. Bonge lililogandamana na udongo mgumu lilitupwa pamoja na kifusi, na lile lililokaa sentimita chache chini ya mahali walipoishia kuchimba halikuonekana kabisa. Vifusi hivyo vya kale na maeneo yanayovizunguka ndivyo watu wenye ditekta wanavyovifuata mpaka leo, na nawaomba mlitilie maanani jambo hilo: mahali palipokwisha kutoa dhahabu ndipo pa kuanzia.

Mifano mikubwa mnaisikia. Mwaka 1980, huko Kingower katika jimbo la Victoria, Australia, lilipatikana kwa ditekta bonge la kilo 27 lililokuwa limezikwa kina kifupi tu. Mwaka 1989, katika jangwa la Sonora nchini Mexico, mwenyeji mmoja aliyekuwa na ditekta ya kawaida ya dukani alipata bonge la kilo 12 lenye umbo la buti. Barani kwetu, mashine hizi ndizo zilizochochea watu kumiminika katika majangwa ya Sudan kuanzia miaka ya 2009 na 2010, Tibesti nchini Chad, Djado kaskazini mwa Niger mwaka 2014, na Mauritania mwaka 2016. Naomba hata hivyo msiikadirie kazi hii kwa mabonge ya kilo. Kipande ambacho mtafutaji wa kawaida hukifurahia ni cha gramu moja au pungufu, na gramu moja ya dhahabu ikifinyangwa kuwa duara kama gololi haifiki upana wa milimita 5. Vilevile, wapo walioliingia jangwa la Sahara wakifuata habari hizo na hawakurudi, kwa sababu gari liliharibika na maji yakaisha.

Sasa mashine yenyewe. Hii sahani ya chini ina nyaya zilizozungushwa, nasi tunaiita koili. Umeme unaobadilikabadilika ukipita ndani yake hutoa uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayotanda kuizunguka koili, unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake dhaifu unaorudi kwenye koili. Mashine huukuza mrejesho huo na kuugeuza kuwa sauti masikioni mwako. Zipo ditekta zinazotuma mawimbi mfululizo bila kukatika. Hizi ni nyepesi, bei yake ni nafuu kiasi, na zina uwezo fulani wa kuvitenga vipande vya chuma. Zipo nyingine zinazotuma mapigo makali na kunyamaza, kisha zikasikiliza katika ule ukimya mfupi jinsi mrejesho unavyofifia. Hizi huvumilia zaidi ardhi ngumu na hufika chini zaidi, lakini ni ghali, na kwa kawaida hukuchimbisha misumari mingi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wauzaji wanapowadanganya wanunuzi. Mnaambiwa mashine inaona mita 3, mita 5, hata 10. Uga wa sumaku hupungua kwa kasi kubwa unapokwenda mbali na koili, na mrejesho wa kipande kidogo hupungua tena kwa kasi ile ile unaporudi. Kipande kikiwa mbali vya kutosha, ukiongeza umbali mara mbili, mrejesho hushuka mpaka sehemu moja ya 64 ya ulivyokuwa. Kwa hiyo kipande cha gramu moja husikika katika sentimita chache, na katika hali nzuri sana labda makumi machache ya sentimita. Kinachopatikana mita moja chini ni bonge kubwa, na mabonge makubwa ni adimu. Koili pana hufika chini zaidi lakini huvipoteza vipande vidogo. Koili ndogo huvisikia vipande vidogo, lakini juu juu tu. Hakuna koili inayofanya yote mawili vizuri.

Kisha kuna ardhi. Udongo mwekundu wenye madini ya chuma hujibu mashine hata kama hauna dhahabu, na yapo mawe ambayo hulia kabisa kama metali. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mtumiaji huinua na kuishusha koili juu ya sehemu safi ya ardhi mpaka mashine itulie, na hurudia kila aina ya udongo inapobadilika. Katika majangwa ya Australia usumbufu huu ni mkubwa, na mashine za mapigo zilizoanza kuuzwa huko katikati ya miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa kusudi la kuushinda. Nako kwenye maziwa yaliyokauka, chumvi yenye unyevunyevu hupitisha umeme na kuifanya mashine ipige kelele.

Ruangwa tuna jambo letu la ziada, nalo ni kinywe, yaani grafiti, lile jiwe jeusi laini linalotumika kwenye penseli. Kinywe hupitisha umeme. Miamba yetu ya Ukanda wa Msumbiji, ule mkanda wa miamba ya kale unaopita mashariki mwa Afrika, ina kinywe kwa wingi, na mtu akipita juu ya mkanda wake anaweza kusikia sauti pana, isiyo na mwanzo wala mwisho ulio wazi, akadhani amepata utajiri. Kipande cha dhahabu kwa kawaida hutoa sauti fupi yenye kingo: inaanza, inapanda, inakatika, na inarudi pale pale koili inapopita kutoka upande mwingine. Jifunzeni tofauti hiyo kwa masikio yenu. Kwa upande wa pwani, Tendaguru walikochimbua mifupa ya dinosaria Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na hata kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, ardhi ni ya mashapo, yaani mchanga na matope yaliyotuama na kugandamana, na mimi nisingemshauri mtu apeleke ditekta huko kwa ajili ya mabonge. Huku bara, kwenye miamba ya zamani, ndiko kwa kutembea. Hata huku pia tusijifananishe moja kwa moja na jangwa: udongo wetu ni mnene, mvua zimeushusha na kuuhamisha, majani ni marefu. Wakati wetu mzuri ni baada ya mavuno na kiangazi kimekolea, tena kwenye miteremko ambako mwamba uko karibu.

Kutafuta kwenyewe ni kazi ya subira. Koili ikae karibu kabisa na ardhi, isiinuke mwishoni mwa kila mzunguko kama fyekeo la majani, na kila mpito uingiliane na uliotangulia. Ukisikia sauti, futa majani na kokoto kwa mguu. Ikihama, ilikuwa juu. Ikibaki, chimba kwa sururu ndogo pembeni mwa sauti ili usilikwaruze bonge, kisha pitisha koili juu ya shimo. Shimo likinyamaza, kitu kimo katika udongo uliotoa. Chukua kopo la plastiki, teka nusu ya udongo huo na kuupitisha mbele ya koili. Ukinyamaza, mwaga na uchukue nusu nyingine. Endelea kugawa hivyo hivyo mpaka kiasi kilichobaki kiwe kiganjani, umimine juu ya koili kidogo kidogo, na kitu kikiiangukia utakisikia kabla hujakiona. Mara nyingi kitakuwa kipande cha risasi ya bunduki, kwa sababu sauti yake na ya dhahabu hazipishani, na ni lazima ukichimbe.

Eneo letu lina vyuma vingi vya historia. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta Nachingwea matrekta, minyororo na reli iliyotoka pwani, na mabaki yake yangali ardhini. Nachingwea hiyo hiyo ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Ukichimba ukakuta kitu chenye umbo la kombora au bomu, usikiguse wala usikigeuze. Ondoka, weka alama kwa mbali, na utoe taarifa polisi.

Sina budi kusema pia kuhusu vifaa vyenye vijiti na antena vinavyodaiwa kuona dhahabu, zebaki nyekundu au hazina za Wajerumani kutoka mamia ya mita. Havifanyi kazi. Mwingereza aliyeuza vifaa vya aina hiyo nchini Iraq kwa madai kwamba vinagundua mabomu alifungwa miaka 10 mwaka 2013, na ndani yake hapakuwa na chochote kinachoweza kugundua kitu. Inaniuma kuona fedha za kijiji zikienda huko.

Kuhusu sheria, kutafuta na kuchimba madini kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini, na leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania peke yao. Afisa wa Tume ya Madini atawaelekeza. Mkipata bonge, lisafisheni kwa maji na brashi laini, msilipige nyundo wala msikimbilie kuliyeyusha, na lifikishwe katika soko la madini. Lile bonge la Sonora liliuzwa kwa mnada mwaka 2008 kwa zaidi ya dola milioni 1.5, mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo, kwa sababu aliyelipata hakuliyeyusha.

Hapo nje nimefukia msumari, kipande cha risasi ya bunduki, jiwe la kinywe na pete yangu ya dhahabu, bila alama yoyote. Baada ya maswali tutatoka, na kila anayetaka ataishika mashine na kutuambia anasikia nini.