Mzinga Una Asali, Nyuki Hawapo

MWANAIDI: Karibuni tena. Tuko Sinza, na hizo honi mnazozisikia ni za bodaboda, tumeshakata tamaa nazo. Mimi ni Mwanaidi, na mwenzangu ni kaka Baraka, mizinga yake iko Kisarawe. Kaka, za tangu juzi?

BARAKA: Salama tu, dada. Huko mvua imeanza, kwa hiyo nina hofu zangu.

MWANAIDI: Tutazifikia. Leo swali limetoka mbali. Msikilizaji wetu, Mtanzania anayeishi Uswidi, anafuga nyuki bustanini kwake. Anasema Oktoba aliwaacha wazima kabisa. Machi theluji ilipoanza kuyeyuka akafungua mzinga: asali imejaa masegani, nyuki konzi moja tu, na hao wamekufa. Anauliza, wamehama au baridi imewaua?

BARAKA: Hiyo asali iliyobaki ndiyo inayonipa jibu. Lakini kwanza tumalize la kuhama, maana mfugaji wa huku akili yake inakimbilia hapo. Nyuki wetu wanahama kweli. Masika ikikaza, maua yakaloa, mbochi, yaani majimaji matamu ya maua, hakuna, malkia anapunguza kutaga, majana, yaani watoto wa nyuki, yanaisha, akiba inaliwa. Halafu asubuhi moja wanaondoka wote. Ukifungua unakuta masega makavu, maana kabla ya safari wamejaza matumbo.

MWANAIDI: Hawaachi kitu?

BARAKA: Wakishtuliwa wanaacha. Siafu wakiingia, au nyegere akipasua mzinga, au mtu akafukiza moshi kama anachoma mkaa, hapo wanakimbia na asali inabaki. Sasa Uswidi mwezi wa Januari nyuki akimbilie wapi? Mwili wake ukishuka chini ya nyuzi joto 10 hivi anaganda, hata kutembea hawezi. Hawajahama hao.

MWANAIDI: Basi baridi imewaua.

BARAKA: Subiri. Kundi kubwa, lenye afya na chakula, linavuka baridi hiyo vizuri tu. Wanajikusanya wakawa donge moja juu ya masega. Wa nje wanabanana, vichwa vimeelekea ndani. Wa ndani wanatetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, na hilo ndilo joto lao. Kama hakuna majana, katikati ya donge panakaa nyuzi ishirini na kitu. Malkia akianza kutaga panapandishwa hadi 34 au 35, hata kama nje ni 20 chini ya sifuri.

MWANAIDI: Daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni!

BARAKA: Ila halina konda. Na uelewe, hawapashi joto sanduku zima. Pembeni ya donge mzinga ni baridi karibu kama nje. Wanajipasha wao wenyewe, kwa hiyo wakipungua sana hawawezi tena. Baridi inakuja kumalizia. Swali ni nani aliwapunguza kabla yake, na kwa maelezo ya ndugu yetu, mimi namtuhumu varoa.

MWANAIDI: Yule utitiri?

BARAKA: Huyohuyo. Mwekundu wa kahawia, bapa, unamwona kwa macho ukitulia. Asili yake ni nyuki wa Asia, Apis cerana, ambaye alishazoea kuishi naye. Alipovukia kwa nyuki huyu tunayemfuga ikawa balaa. Marekani alionekana 1987, Uingereza 1992, na Australia iliyokuwa imebaki salama akaingia 2022. Jike anajipenyeza kwenye chumba cha sega chenye jana muda mfupi kabla hakijazibwa kwa nta, anazalia humo ndani. Nyuki anatoka na wageni mgongoni.

MWANAIDI: Wanamfyonza damu?

BARAKA: Ndivyo ilivyoaminika miaka mingi. Utafiti wa Samuel Ramsey na wenzake uliotoka 2019 ulionyesha kuwa akiwa juu ya nyuki mkubwa, varoa anakula zaidi tishu ya mafuta, ile iliyo chini ya tumbo. Na hapo ndipo habari ya majira ya baridi inapoanzia, nisikilize vizuri. Nyuki wa kiangazi anaishi wiki sita hivi. Anayezaliwa kuanzia Agosti mpaka Oktoba huko kaskazini ni mwingine kabisa. Amenona, mwilini ana akiba ya mafuta na protini, na anatakiwa aishi miezi minne mpaka sita. Huyo ndiye atakayekaa kwenye donge.

MWANAIDI: Na varoa anakula hayohayo mafuta.

BARAKA: Halafu anamwachia virusi, hasa vile vinavyokunja mabawa. Tena angalia mahesabu yanavyokaa vibaya: kuelekea Septemba nyuki wanapungua kwa sababu malkia anatulia, lakini varoa ndio wako kileleni. Wote wanabanana kwenye majana machache yaliyobaki, na majana hayo ndiyo nyuki wa baridi. Nyuki aliyetakiwa kufika Machi anakufa Novemba. Wengi wanatoka nje, wanafia huko, hata maiti huzikuti. Mfugaji anafungua, anaona asali, anasema wamehama.

MWANAIDI: Kwa hiyo aliposema Oktoba walikuwa wazima...

BARAKA: Walikuwa wengi. Uzima ni jambo jingine. Amulike na tochi yale masega yalipokuwa majana, atazame dari za vyumba. Akiona vipunje vyeupe vimeganda, hicho ni kinyesi cha varoa, na kesi imekwisha.

MWANAIDI: Angefanya nini sasa?

BARAKA: Angehesabu. Mwezi wa Julai au Agosti, akishamaliza kurina, achukue nyuki nusu kikombe, kama 300, kwenye fremu, kile kiunzi cha sega, yenye majana. Ahakikishe malkia hayumo! Awatie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, awanyunyizie sukari ya unga, awatikise, kisha apukutishe ile sukari kwenye sahani yenye maji. Varoa wanaanguka, nyuki wanarudi nyumbani wakilambana. Akihesabu tisa, hao ni watatu kwa kila nyuki mia, asingoje. Atibu hapohapo kwa asidi ya fomiki au thimoli, kwa kufuata maelekezo ya dawa na sheria za huko. Disemba, majana yanapokuwa hayapo na varoa hana pa kujificha, kuna asidi ya oksaliki. Watu wengi wanatibu Oktoba, na mimi nasema huko ni kufunga zizi ng'ombe ameshatoka. Varoa wanakufa, sawa, lakini nyuki wa baridi wameshazaliwa wagonjwa.

MWANAIDI: Na njaa je? Wengine wanasema nyuki wao walikufa njaa.

BARAKA: Wanakufa, lakini sura yake ni nyingine. Unawakuta wengi, wamezamisha vichwa kwenye vyumba vitupu, mikia nje. Mara nyingi ni Februari au Machi, kwa sababu malkia ameanza kutaga, joto limepandishwa, asali inaisha mbio. Huko wanahitaji kilo 20 na kuendelea, na kaskazini mwa Marekani wengine wanaacha mpaka 40. Sharubati nzito, sukari mbili kwa maji moja, wapewe mapema, kukiwa bado na joto la kukausha yale maji. Katikati ya baridi ukiwapa majimaji unawaongezea tatizo. Waweke sukari kavu juu ya fremu, karibu na donge, kwa kuwa donge dogo linaweza kufa njaa na asali iko vidole vinne pembeni.

MWANAIDI: Halafu unyevu.

BARAKA: Pumzi yao ina maji. Hewa ya moto inapanda, inagonga kifuniko cha baridi, inawadondokea. Nyuki mkavu anavumilia mengi, aliyelowa hapana. Kifuniko kizibwe vizuri kwa kitu kinachotunza joto, mzinga uinamishwe mbele kidogo, mlango upunguzwe panya wasipite. Kundi dhaifu liunganishwe na lenye nguvu kabla ya baridi. Basi.

MWANAIDI: Sisi huku varoa hatuna?

BARAKA: Tunaye. Kenya walimgundua 2009, na Tanzania pia yupo. Lakini nyuki wetu kwa jumla wanaishi naye bila dawa. Wanagawanyika mara kwa mara, wanahama, na kila wakikaa bila majana varoa anakosa pa kuzalia. Ndiyo maana sipendi mtu wa Kisarawe anayetazama video ya Kanada halafu anatafuta asidi. Huku pambana na siafu, mende wa mizinga, nondo wa nta, na uache kurina mpaka sega la mwisho.

MWANAIDI: Basi ndugu yetu apelekewe nyuki wa Tabora!

BARAKA: Ha! Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia kutoka Afrika Kusini na Tabora. Uzao wao ulipanda mpaka kusini mwa Marekani, ila kwenye baridi ndefu haukusonga. Hawaweki akiba ya kutosha. Uswidi wasingemaliza Disemba.

MWANAIDI: Swali lake la mwisho, hiyo asali iliyobaki aifanyeje?

BARAKA: Leo hii azibe mlango, nyuki wa jirani wasije kuiba. Atazame majana yaliyokufa: achomeke kijiti, akikivuta kikatoka na uzi wa kahawia unaonata, huo ni ugonjwa wa kuoza kwa majana na Ulaya lazima utolewe taarifa. Asiguse kitu. Kama hakuna, fremu zikae kwenye jokofu la kugandisha siku chache, mayai ya nondo yafe, kisha kundi jipya lipewe fremu hizo.

MWANAIDI: Na yeye mwenyewe asionje?

BARAKA: Kama hakuweka dawa na asali ikiwepo, na sukari yake haikuchanganyika humo, aonje. Akija likizo atuletee na sisi.

MWANAIDI: Umesikia, ndugu. Wiki ijayo ni nondo wa nta, kuna mtu wa Bagamoyo amepoteza masega yote.