Mabega Hayabebi Mimba: Tushone Gauni la Mjamzito

Inarekodi? Umeona imewaka? Haya.

Karibuni tena kibandani kwangu hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, kwa hiyo mkisikia makanga anaita abiria au mtu anauza viatu kwa kipaza sauti, huo ndio muziki wetu wa leo. Leo tunashona gauni la mjamzito. Aliyekubali kusimama mbele yenu ni wifi yangu, yuko miezi saba, na ametoa sharti moja tu: uso usionekane. Mpwa wangu ndiye ameshika simu na ameambiwa apige kuanzia shingoni kwenda chini. Mkiona kidevu, ni ajali.

Kabla sijashika mkasi, niseme kitu kinachoniudhi. Mtu akipata mimba anakimbilia nguo kubwa. Anachukua saizi mbili juu yake, anavaa, shingo inaanguka begani, mikono inafika kwenye viwiko, akipanda boda pindo linatafuta gurudumu. Na tumboni bado panambana! Aliyekata nguo ile aliongeza kidogo kidogo kila mahali, na mwili wenyewe haukuongezeka kila mahali. Mabega hayabebi mimba. Wifi hapa alikuwa na inchi 15 begani kabla, nimempima leo asubuhi, ni 15 zile zile. Kifua kimetoka 36 mpaka 39. Mbavu nazo zimefunguka, chini ya kifua alikuwa 32, sasa 34. Tumbo, mnaliona wenyewe. Kwa hiyo tunakata gauni la mabega yake ya siku zote, halafu tunaongeza pale tu palipoongezeka. Dera sina ugomvi nalo. Ninalo moja, nalalia.

Kitambaa, hapa napita haraka. Yadi 3 na nusu, ukiwa mrefu chukua 4. Mimi napenda pamba laini. Kile kitenge kigumu chenye nta kinapendeza kwa picha, lakini jua la saa nane la Kisumu likikupata ndani yake na mimba ya miezi minane, utakitafuta kivuli mpaka ndani ya duka la simenti. Mteja wangu wa Nakuru yeye hukitaka hicho hicho, na mikono mirefu juu, kwa sababu ya baridi yao. Sawa, kila mtu na kwao. Kitambaa chochote cha pamba kilowekwe usiku kucha, kianikwe, kipigwe pasi. Kisinyae kabla ya mkasi. Na kama ndiyo mara yako ya kwanza, nenda Kibuye Jumapili, soko likiwa limefurika mpaka barabarani, ununue shuka ya mtumba ufanyie mazoezi. Ukiharibu, unapangusia meza.

Vipimo. Bega, kifua, kwapa, mkono, hivyo mnavijua, sirudii. Vipimo viwili vya leo ni hivi. Mfunge mama uzi chini kabisa ya kifua, hapa, usikaze, aweze kupumua. Sogea na simu, mpwa wangu. Si hivyo, sasa tunaona kifungo kimoja tu. Rudi nyuma. Hapo.

Kutoka kwenye uzi, pitisha tepu mbele, ipande juu ya tumbo, ishuke mpaka chini ya goti. Usiivute hewani kama kamba ya kuanikia nguo, ilale juu ya tumbo. Mbele nimepata 32. Sasa nyuma, kutoka uzi ule ule mpaka usawa ule ule wa chini ya goti: 29. Tofauti ni inchi 3. Andika hiyo tofauti. Iandike mkononi kama huna karatasi, kwa sababu gauni lote liko hapo.

Wifi anacheka, anasema hata nesi wa kliniki humpima kwa tepu kama hii. Ni kweli. Wanapima kutoka mfupa wa chini ya tumbo mpaka pale mji wa mimba unapoishia juu, na kuanzia kama wiki ya 20 sentimita hizo huenda karibu sawa na idadi ya wiki. Wiki ya 30, sentimita 30 au hapo karibu. Nesi anatafuta mtoto anakuaje, mimi natafuta pindo litakaa wapi, na sote tunazunguka tumbo lile lile.

Kama mteja amekuja mapema, ana miezi minne na tumbo halijatoka, chukua mto mdogo wa kochi, mfunge kwa leso tumboni, upime juu yake. Msicheke, mimi hufanya hivyo, na wateja hupiga picha wakatumia waume zao.

Kukata. Sehemu ya juu, mgongo ni kipande kimoja kwenye mkunjo. Mbele ni vipande viwili vinavyopishana kama leso uliyojifunga, kila kimoja kipite katikati kwa inchi 6 pale chini. Hiyo ni ya kunyonyeshea baadaye, nitarudi. Mikono mifupi. Nyuma ya sketi, inchi 29 na pindo lake, juu nyoofu kabisa, ipanuke kidogo ikishuka. Nimekata zamani, hizi hapa.

Sasa sketi ya mbele. Acheni kupika, njooni.

Kitambaa kiko kwenye mkunjo. Kwanza naongeza upana: kwenye kila nusu naongeza inchi 4 juu ya robo ya kipimo cha chini ya kifua, zitakusanywa ziwe marinda. Halafu ubavuni naweka urefu sawa na wa nyuma, 29. Lakini katikati, hapa kwenye mkunjo, napanda juu. Ile tofauti yetu ilikuwa 3, naongeza 1 ya miezi miwili iliyobaki, inakuwa 4. Naweka alama inchi 4 juu ya mstari, na kutoka hapo nashuka taratibu kwa chaki mpaka ubavuni. Mnaona umbo lake? Ni nundu, kama ya ng'ombe wetu wa kienyeji. Ukifungua kitambaa, juu kuna kilima.

Nundu hiyo usiikate.

Nasema tena kwa sababu mimi niliikata. Gauni langu la kwanza la mimba lilikuwa la mteja aliyekuwa anaenda harusi ya dada yake. Nilichora nundu vizuri, nikaenda kunywa chai, niliporudi nikaiona, nikafikiri mkono wangu uliteleza. Nikachukua rula nikanyoosha. Nikajisifu hata! Siku ya harusi tumbo likalivuta gauni juu, mbele likapanda mpaka juu ya magoti, nyuma likawa linafagia uwanja. Mama wa watu alishinda siku nzima akivuta pindo la mbele kwa mkono mmoja na sahani ameshika kwa mwingine. Alinilipa nusu, nami sikuuliza iliyobaki. Picha bado iko sebuleni kwao, fremu ya dhahabu, na nikienda pale huwa nachagua kiti kinachoipa mgongo.

Kwa hiyo ukishakata, andika kwa chaki juu ya nundu: MBELE JUU. Hata kama kibandani uko peke yako.

Pembeni kila mahali acha inchi 1 na nusu ya mshono. Fundi wengi huacha nusu inchi kubana kitambaa. Hesabu na mimi: gauni lina mishono miwili ya ubavu, kila mshono una kingo mbili, jumla kingo nne. Ukifungua inchi 1 kila ukingo, umempa inchi 4 nzima, na nusu inchi bado inashikilia mshono. Mtoto akizaliwa, unarudisha ndani. Kitambaa hicho kilichofichwa ndani mteja hakioni, lakini mwezi wa nane atakukumbuka.

Tunashona. Mabega, fyuu, yameshashonwa. Vipande viwili vya mbele, kunja ukingo wa shingo mara mbili, shona, vipishanishe, vishikilie kwa pini pale chini.

Marinda sasa. Legeza mshono wa cherehani uwe mrefu kabisa, shona mistari miwili sambamba juu ya nundu, robo inchi kati yao. Miwili! Mmoja ukikatika, mwingine unakushikilia. Kabla ya kuvuta, weka alama tatu: katikati, na inchi 5 kulia, na inchi 5 kushoto, kwenye sehemu ya juu ya gauni. Marinda yote yakae kati ya hizo alama mbili za pembeni. Yakikimbilia kwapani, mama ataonekana amebeba mifuko ya ununuzi chini ya mikono. Huku kwenye sketi, kitambaa cha kukusanya ni inchi 18, inaingia kwenye 10. Anza na pini ya katikati: kilele cha nundu kikutane na katikati ya kifua. Halafu pini za pembeni. Sasa vuta nyuzi za chini, zote mbili pamoja, polepole, huku vidole vya mkono wa pili vinasukuma kitam—

Eeh. Mmesikia hiyo? Tap. Uzi umekatika. Usikate video, acha waone. Nimevuta mmoja nikasahau mwenzake, na mdomo huu ndio umesema "zote mbili" sasa hivi. Lakini ule wa pili uko salama, tunaendelea nao. Mnaona faida ya mistari miwili? Hilo sikulipanga.

Haya, yamekaa. Angalieni kwa karibu: rinda dogo dogo, sawasawa, na nundu imepotea ndani yake, huwezi kujua ilikuwepo. Pindua, shona ukiwa na marinda juu ili uyaone, yasijikunje chini ya sindano. Polepole. Hapa si mahali pa... stima imepotea. Si neno, cherehani hii ni ya miguu. Taa tu ndiyo imeenda. Mpwa wangu, fungua mlango. Shukrani, na kuku atoke.

Mgongoni, chini tu ya kifua, shona handaki la lastiki kutoka ubavu mpaka ubavu. Natumia ile lastiki yenye matundu. Naiuza hapa kwa mita, siwafichi, ndiyo inayolipa kodi ya kibanda. Upande mmoja umeshonwa ubavuni. Upande wa pili unatoka kwenye tundu dogo ndani ya nguo na kushikwa na kifungo. Mbavu zikifunguka, unalegeza tundu moja. Mtoto akishazaliwa, unakaza matundu matatu. Unapoipitisha, funga ile ncha ya nyuma na pini kubwa kwenye kitambaa, la sivyo itaingizwa yote ndani na utaanza upya. Na usiipindue njiani. Ipapase kwa vidole, ikiwa na kifundo ujue imepinduka.

Ubavu kwa ubavu, shona, ovaloki itasubiri stima irudi. Vaa, wifi.

Nyanyua mikono. Inama kama unaokota kitu. Sikusema uokote kweli! Mnaona pale vipande vinapopishana, akiinama kifua kinataka kuchungulia? Weka kifungo kimoja cha kubonyeza hapo ndani. Kimoja tu, kinachofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine utakuwa na mtoto anayelia. Kliniki wanatuambia miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na gauni hili ni la miezi hiyo pia. Unavuta kipande cha juu kando, unanyonyesha, unarudisha, hakuna aliyejua, hata ndani ya matatu.

Kasoro yake niiseme: ukienda kliniki na nguo ya kipande kimoja, itabidi uipandishe yote nesi akupime. Beba leso ya kujifunika miguu.

Sasa keti, wifi. Keti kabisa, egemea. Panabana wapi?

Anasema hapabani. Anasema mtoto amepiga teke. Hebu leta simu hapa, kitambaa kimetikisika, nimeona! Ngoja... ngoja tena... haya, amekataa kupigwa picha, amemfuata mamake.

Pindo sishoni leo. Gauni linaning'inia usiku mzima kwenye hanga, kitambaa kishuke kiwezavyo, kesho ndipo napima kutoka sakafuni kwenda juu, kuzunguka kote, na kukata kinachozidi. Kukata chini, pale pindoni. Kule juu, kwenye nundu, mkasi haukaribii. Mpwa wangu, zima, betri imebaki asilimia nne.