Kuchagua kisu cha kambini kwa hela ya kawaida

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sogeeni huku mbele viti vipo. Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jumamosi, asanteni kwa kuja na foleni yote ile ya Mwenge.

Nimeombwa niongelee visu, vile visivyokunjika, vya kubeba tukienda Pugu, Uluguru au kambi za huko Bagamoyo, na viwe vya bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Kwa hiyo visu vya laki nne laki tano leo tunaviacha.

Naanza na jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Sisi tuna panga. Mtu anafungua simu anaangalia video za Wamarekani, anaona jamaa ana kisu kinene balaa anakigonga na gogo mgongoni mpaka kuni inapasuka, basi naye anataka hichohicho. Yule jamaa anataka chuma kimoja kifanye kazi ya shoka, ya panga na ya kisu, sisi hiyo shida hatuna. Panga liko kila duka la vifaa vya ujenzi na kila kijiji, wakubwa hapa mnayakumbuka yale ya kiwanda cha UFI pale Ubungo, unalinoa kwa tupa tu, linafyeka, linapasua kuni, linafungua dafu. Sasa kama panga lipo kwenye msafara, kisu kinabaki na kazi gani? Kumenya mihogo, kukata kamba ya manila, kuchonga vigingi vya hema, kupaa samaki, kumkata kuku mliyemnunua njiani, kuchonga vijiti vyembamba vya kuwashia moto wakati kuni zimelowa. Hizo zote zinataka kisu chembamba. Kisu cha milimita tano au sita kinapasua kiazi badala ya kukikata, na kuchonga nacho mkono unachoka haraka.

Kwa hiyo vipimo vyangu ni hivi, bapa la sentimita 9 mpaka 12, unene milimita 2.5 mpaka 3 hivi, basi. Makali yawe yamenyooka bila meno, maana meno yale huwezi kuyanoa kwenye jiwe la kawaida. Mpini ujaze kiganja na usiteleze ukilowa.

Alafu kuna vile visu vya komando, mnavijua, mgongoni kuna msumeno, mpini uko wazi ndani una dira na ndoana na kiberiti. Naomba sana msinunue. Ule msumeno mara nyingi haukati mti wowote, na kwa kuwa mpini ni mtupu ndani, msuka, yani kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye mpini, unakuwa mfupi sana, umeshikwa na nati tu au gundi. Ukikandamiza kwa nguvu bapa linachomoka, na likichomoka mkono wako uko palepale. Hili nalisema kwa uchungu maana wanaonunua hivyo ni vijana ambao hela yenyewe wameitafuta kwa shida.

Kuna kaka hapa ameuliza, kwa hiyo lazima msuka ufike mpaka mwisho wa mpini? Swali zuri. Ukifika ni vizuri, hasa kwa kisu cha fundi wetu wa mtaani. Ila sio lazima. Kule Sweden kuna mji unaitwa Mora, viwanda vyake vya visu ni vya zamani, kampuni ambayo leo ni Morakniv inahesabu historia yake tangu 1891, na kisu chao kinachonunuliwa sana, Companion, kina bapa la sentimita 10 hivi, kile cha kawaida unene wake milimita 2.5, mpini wa plastiki na raba, ala ya plastiki, na msuka wake haufiki mwisho. Kwa kazi nilizotaja kinatosha kabisa. Huko nje kinauzwa dola 20 hivi, ukipata mtu anarudi safari akakubebea kwenye begi la kukabidhi, sio la mkononi, umepata kitu kizuri kwa bei chee.

Sasa tuje Kariakoo maana ndiko wengi mtaenda. Pale vingi ni vya China na China wanatengeneza vizuri na vibaya pia, cha kufanya ni kusoma bapa. Likiwa limeandikwa stenlesi peke yake hujaambiwa kitu. Tafuta namba. Ukiona 3Cr13, ile tatu ya mbele ni kaboni, asilimia 0.3 hivi, na 13 ni kromiamu, asilimia 13. Kaboni ndio inafanya chuma kikaze na kushika makali, kromiamu inazuia kutu. Kwa hiyo 3Cr13 haitakusumbua na kutu ila makali yanaisha mapema. 5Cr15 inashika makali vizuri kidogo kuliko hiyo, 8Cr13MoV ina kaboni kama 0.8, hiyo kwa hela ndogo ni chuma kizuri tu, mradi namba iwe ya kweli na kiwandani wamekipitisha vizuri kwenye moto.

Na moto ndio kila kitu jamani. Twende kwa mafundi wa Gerezani. Fundi anachukua springi ya gari, ile ya mabapa, chuma chake kina kaboni kama 0.6, ni chuma safi kwa kisu, hela yake huwezi kulinganisha na cha dukani. Ila muulize kwa adabu, fundi, umekizamisha kwenye oili? Anatakiwa akipashe kiwe chekundu mpaka sumaku iache kushika, hapo ni nyuzi 770 hivi, aongeze moto kidogo, akizamishe kwenye oili, alafu akirudishie moto mdogo wa nyuzi 200 na kitu ili kisivunjike kama kioo. Kama amekata springi kwa grenda mpaka ikabadilika rangi ya bluu kwenye makali akakupa hivohivo, pale kwenye bluu pamelainika. Nenda na tupa. Ipitishe kidogo kwenye makali karibu na mpini, ikila chuma kirahisi kama inakula nondo, kisu ni laini, ikiteleza au ikiuma kwa shida, kimeiva. Fundi anayejua kazi hakasiriki ukimjaribia, atakusogezea na kingine.

Dada hapa anauliza kutu. Dar hii, unyevu na chumvi ya bahari, kisu cha springi kikilala usiku mmoja Kigamboni bila kufutwa asubuhi kina madoa. Kama unaenda sana baharini chukua stenlesi, usibishane na bahari. Kama una cha springi, osha kwa maji ya bomba, kausha, paka mafuta ya cherehani kidogo, ukitaka kukatia chakula kioshe kwanza. Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu na chumvi, ala ni ya safarini tu.

Ala yenyewe pia ikague kabla hujalipa. Igeuze juu chini na uitikise, kisu kikidondoka rudisha. Ala ya kitambaa ambayo ncha inatoboa, rudisha pia, ncha hiyo itaishia kwenye paja la mtu ndani ya daladala. Na humu mjini kisu kikae ndani ya begi, kiunoni tukifika porini.

Bajeti iliyobaki nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, moja ya kukwaruza moja laini. Nimeweka mawili pale mezani na ndoo ya maji, wenye visu vitoeni, tunaanza na upande wa kukwaruza, watatu watatu.