Mkonge, Mwanga na Jina Kwenye Chupa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Naona wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua ninakoelekea. Ndiyo, ni yale yale ya majina, kwamba aliyeifanya kazi atajwe. Ila leo nimekuja na Mmarekani, msije mkasema mzee ana kinyongo chake tu na maduka ya watalii.

Anaitwa Ron Cooper, msanii aliyeanzisha kampuni ya mezcal, pombe kali ya Meksiko. Alizaliwa New York mwaka 1943, akakulia Ojai, California, akasomea sanaa chuo cha Chouinard, Los Angeles. Rika lake ni wale wasanii wa California waliouacha mchoro wa kutundika ukutani wakaanza kuushughulikia mwanga wenyewe, kwa vioo, kwa taa, kwa resini, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Nguzo zake za resini zina rangi, lakini ukizitazama ni kama mwanga umetuama mle ndani, mfano wa maji kwenye glasi. Glasi hiyo iwekeni pembeni, nitairudia.

Naona ustadhi pale ameshakunja uso, kasikia kwamba mtu huyu ni wa pombe kali. Ustadhi, mimi sinywi, unanijua tangu chuoni. Mezcal sijaionja na sitaionja. Nazungumzia kazi ya mikono.

Sasa hiyo mezcal inatoka wapi? Kwenye mkonge! Si huu wetu wa kamba, ni ndugu yake, ukoo mmoja. Wa kwetu aliuleta Mjerumani Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Manamba na yaliyowapata sitayaeleza, hapa Tanga kila nyumba ina hadithi yake. Ninachotaka mkione ni kwamba sisi tulifundishwa kutafuta jani. Watu wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, majani huyafyeka, wakabaki na moyo wa mmea. Wao huuita nanasi, na kweli unafanana nalo. Wanausubiri miaka saba, minane, hata zaidi. Kisha wanaufukia kwenye shimo lenye mawe ya moto siku tatu mpaka tano, wanauponda kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na farasi, wanauacha uchachuke kwenye mapipa ya mbao kwa chachu iliyomo hewani, ndipo wanaupika mara mbili na kuukusanya mvuke. Kijiji kimoja kinatumia vyungu vya udongo, kingine sufuria ya shaba. Ladha zinatofautiana kama lafudhi ya Mpemba na ya Mmakunduchi.

Mwaka 1990 Cooper alikwenda kukaa miezi mitatu kijiji cha Teotitlán del Valle, afanye sanaa yake. Akawa anauliza, mezcal nzuri iko wapi? Anaelekezwa barabara ya vumbi, anafika kijijini, anaonja, anauliza tena. Wakati wa kurudi kwao akajaza dumu zima. Mpakani afisa wa forodha akamwambia ruhusa ni lita moja, iliyobaki haivuki. Ninyi mliowahi kupita Horohoro na dumu la mafuta ya nazi, hasira hiyo nawaachia mjisimulie wenyewe. Wengi wetu tungelalamika kijiweni wiki mbili, yakaisha. Yeye akaapa kwamba kinywaji hicho atakiingiza Marekani kwa leseni. Mwaka 1995 akaanzisha Del Maguey kwa vijiji viwili, Chichicapa na San Luis del Río.

Hapa nisikilizeni vizuri. Msanii ana jina, ana maonyesho, angeweza kuandika COOPER kwa herufi kubwa. Kwenye chupa akaandika jina la kijiji. Mchoro wa lebo akampa rafiki yake Ken Price, mfinyanzi mashuhuri. Na ukiuliza ya Chichicapa kaipika nani, utatajiwa Faustino García Vásquez, mtu mwenye jina la ukoo.

Mimi duka moja, silitaji, liliwahi kuniambia niache kutia sahihi kwenye picha zangu. Kisa? Mteja anapenda kuamini kwamba imechorwa na "Afrika". Afrika ina mkono gani? Nilitia sahihi. Wakaifunika kwa fremu pana! Nimelisema hili Bagamoyo, nimelisema Dar, na nitalisema mpaka fremu zirudi saizi yake.

Mtauliza, kwani huyo Cooper anapika? Hapiki. Na ndiyo maana nampenda, maana hajawahi kujifanya mpishi. Alijua kutazama. Mpishi wa mezcal akitaka kujua ukali wake hufyonza kidogo kwa mwanzi, akaimwaga kwenye kibuyu, halafu anatazama mapovu yanavyokaa na yanavyopasuka. Ndicho kipimo chake cha jadi. Mtu aliyetumia ujana wake kutazama mwanga ndani ya vitu angavu akiona jambo hilo, ataondokaje? Glasi yetu ndiyo hiyo.

Nasikia mnong'ono huko nyuma: "Mzee anatetea gongo." Sitetei gongo. Sheria ya moshi, ndilo jina la gongo kisheria, ya mwaka 1966 naijua, na maiti nimezika. Lakini gongo inaua pale mtu anapoichanganya na spiriti ya kiwandani ili iwe kali, halafu chupa haina jina, na hujui umkamate nani. Bwana Faustino akiharibu, Chichicapa nzima inajua amlaumu nani.

Na yule atakayesema Mzungu ameenda kuchuma kwa wenzake, hoja yake ina uzito, nilikuwa nimeiandikia kurasa mbili. Mshereheshaji ananionyesha saa. Basi kwa kifupi tu: mwaka 2017 kampuni ya Ufaransa, Pernod Ricard, ilinunua sehemu kubwa ya hisa. Vijiji vinapata kiasi gani, shamba linabaki la nani, mkonge wa porini unaisha kwa kasi gani, hayo tungeyazungumza hadi magharibi.

Nilitaka pia kuwaambia kuhusu aina ile wanayoining'inizia titi la kuku mbichi ndani ya chungu inapopikwa mara ya tatu, lakini nikianza hapo chakula kitapoa. Picha za vijana ziko pale mlangoni. Nimeziondoa fremu zote mwenyewe, asubuhi, na bisibisi ya mlinzi. Ninayo bado mfukoni, nikumbusheni nimrudishie.