Kuchavusha Mbuni kwa Mkono Ili Kupata Chotara

Karibuni. Leo tunachavusha mbuni wa arabika kwa mkono. Mama ni huyu mrefu, Bourbon: kahawa yake nzuri, ila ugonjwa wa kutu ya majani unamtesa. Baba ni Catimor, mfupi, wa ukoo unaostahimili kutu. Ustahimilivu huo aliurithi kwa chotara aliyejitokeza mwenyewe kisiwani Timor, arabika na robusta, aina nyingine ya kahawa, zilipokutana bila mtu kuzikutanisha. Usijaribu kuiga njia hiyo nyumbani. Arabika ina kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, 44; robusta 22. Watoto wao kwa kawaida hupata 33 na huwa tasa.

Kwanza tunasubiri. Baada ya ukame, maji mengi huamsha vitumba, na siku 8 hadi 12 hivi baadaye vinachanua kwa mkupuo, alfajiri. Sisi tunavitaka jioni ya kuamkia siku hiyo: vyeupe, vimenenepa, bado vimefumba. Tazama hiki, ndicho. Vya kijani vitoe. Kilichokwisha funguka kitoe pia, hata kama roho inakuuma.

Sasa tunahasi, yaani tunaliondolea ua sehemu zake za kiume, na hapa msinikimbize. Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukichelewa, ua limeshamaliza mambo yake na wewe hutajua. Kata mrija wa petali kwa ukucha, kuuzunguka karibu na shina lake, halafu vuta taratibu kwa kibano. Stameni, ndizo hizo sehemu za kiume, zimeshikamana na petali, zinatoka pamoja. Umebaki uzi huu mweupe uliogawanyika nchani: ncha hiyo ni stigma, inayopokea chavua. Ukikatika, ua hilo liache. Ukimaliza, vika tawi mfuko wa karatasi na ufunge mdomo.

Kesho yake asubuhi, chuma maua ya baba yaliyofunguka sasa hivi. Ule unga ndio chavua. Gusisha stameni kwenye stigma, ua moja baada ya jingine, rudisha mfuko, funga lebo: jina la mama, la baba, tarehe. Andika kwa penseli. Wino mvua inaufuta. Baada ya wiki moja hivi toa mfuko. Lebo haitoki.

Matunda huiva kwa miezi 7 hadi 9. Menya, osha, anika kivulini, panda mapema.

Miche ikikua, utajuaje kwamba kuhasi kulifanikiwa? Ufupi wa Catimor umetoka kwa Caturra, mzazi wake mwingine, na unaletwa na jeni moja yenye nguvu. Mtoto halali atakuwa mfupi, vifundo vyake vimekaribiana. Mrefu ni wa mama peke yake: ng'oa. Ndiyo maana nilimweka mrefu awe mama. Ungewageuza, wote wangetoka wafupi na ujanja huu usingefaa kitu.

Zamani ilibidi kungoja kutu ishambulie ndipo uchague. Siku hizi maabara husoma DNA ya jani, mche ukiwa bado kitaluni, na jeni za ustahimilivu zinazojulikana zinaonekana. Ladha ni jambo jingine: utangoja mavuno ya kwanza, kama miaka 3, ukaange na uonje.

Mbegu za chotara huyo usizipande ukitegemea zifanane naye, kwa kuwa sifa za kizazi cha pili hutawanyika. Mbegu za Ruiru 11, kahawa chotara iliyotolewa Kenya mwaka 1985, huzalishwa kwa kuchavusha kwa mkono kwa sababu hiyohiyo. Ukimpata uliyempenda, mzidishe kwa vipandikizi.